Pacha Nyuma ya Goli

Mpira mimi siupendi, niseme mapema. Watu wazima kufukuzana kwenye tope, halafu mtu akae siku mbili amenuna! Lakini jirani yangu wa Rinkeby hapa Stockholm, Kato, mwoka mikate kutoka Jinja, alinialika kila Jumamosi ya majira ya baridi, televisheni ya Uswidi ilipoonyesha mechi moja ya Uingereza. Nami nilikwenda. Saa kumi alasiri giza lilikuwa limeshaingia, theluji ikidondoka taratibu, na sebule yake yote ikielea katika mwanga wa buluu. Nikishika kikombe cha chai pale, nilisahau niko nchi gani.

Timu yake ilikuwa Wolverhampton Wanderers, wale wa jezi za dhahabu. Aliirithi kwa baba yake, karani wa reli, aliyeisikiliza redioni miaka ya hamsini ilipochukua ubingwa mara tatu chini ya kocha Stan Cullis. Kato alinisimulia nahodha Billy Wright alivyoruka, na usiku ule walipowafunga Wahungari chini ya taa, kana kwamba alikuwepo. Kumbe alisikia mikwaruzo ya redio tu! Sauti yake ilikuwa ya chini, nami nilisinzia nikiziona jezi zinameremeta mvuani.

Lakini si mpira aliokuwa akiutazama. Kwa Waganda, Kato ni jina la pacha mdogo. Pacha mkubwa, Wasswa, aliishi hukohuko Wolverhampton, na hawakusemezana tangu mwaka 1979, baba yao alipofariki. Vita vya kwao vilikuwa vimekwisha juzi tu. Wasswa alikwenda kuzika, Kato akaogopa kurudi. Wasswa akampigia simu: "Umemtupa mzee." Likawa neno la mwisho kati yao. Kiburi chao kilikuwa pacha vilevile.

Jumamosi moja kukawa na penalti. Kato akaruka kitini.

"Mama Ochola, ona! Ule nyuma ya goli!"

Mtu mmoja mweusi mwenye koti refu alikuwa ameupa uwanja mgongo.

"Ule ni Wasswa. Hawezi angalia penalti. Toka utoto, redio ikisema penalti, yeye anageukia ukuta."

"Uso umeuona?"

"Uso yake si niko nayo hapa?" akasema, akijigusa shavu.

Tangu siku hiyo, kila timu ile ilipoonyeshwa, alimtafuta. Akiona lile koti, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, aliinua mkono na kulipungia. Mara alinong'ona, "Amekonda." Mara, "Leo amevaa kofia, vizuri, kuna baridi." Nilimtania sana, lakini nilimwonea wivu. Mimi dada zangu wa Kisumu sikuwa nikiwaona popote.

Kisha timu ikaanza kuporomoka. Wenye klabu walibadilika, makocha wakaja na kuondoka, wachezaji wazuri wakauzwa. Ikashuka daraja mwaka 1984, ikashuka uliofuata, ikashuka tena, mpaka daraja la nne. Nani Stockholm angeonyesha daraja la nne? Kato aliendelea kuwasha televisheni, akawatazama watu wa jezi nyekundu, za bluu, za milia, macho yake yakipita juu yao tu.

"Sasa nitajua vipi kama yuko mzima?" aliniuliza.

Nikakasirika. "Mpigie, mwanamume wewe! Timu ndiyo iliyoshuka, simu haijashuka."

Akapiga. Walisema Kiganda, na mimi niliambulia jina la timu tu. Nilimwona Kato akicheka, kisha akikaa polepole, mkono mdomoni. Alipoweka simu ndipo akanieleza.

Alikuwa amemwuliza pacha wake kama bado anasimama nyuma ya goli. Wasswa akashangaa. Uwanja gani? Yeye Jumamosi anaendesha basi, tangu aliporudi kutoka mazishini. Hajaingia uwanjani hata siku moja.

"Basi nilikuwa napungia nani?" Kato aliniuliza.

"Yeye akasemaje?"

"Nikamwambia yote. Koti, kofia, mkono." Kato akafuta macho kwa kiganja. "Kisha akaanza kulia. Akasema, 'Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanitafuta?'"