Fundi Viatu Aliyekataa Kuachanisha Jozi

Jumamosi, tarehe 4 Machi. Asubuhi ina manyunyu, na upepo wa baridi unapenya chini ya mlango wa ukumbi wa kanisa.

Saa moja na nusu fundi viatu ameshakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, penye mwanga. Mbele yake pana rundo la viatu walivyotoa waumini wiki nzima. Anachukua kimoja, anaikunja soli, anakigonga kisigino kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Huyu kala chumvi nyingi," anasema, "lakini hajachoka kutembea."

Ana miaka hamsini na miwili. Ufundi aliurithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na wala hakulalamika. Siku za kazi hukaa kibandani kwake, mkabala na meza ya fundi saa. Siku nzuri hushona jozi saba na kupata chakula cha siku mbili. Mvua ikinyesha kutwa, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi hazina malipo. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akitengeneza viatu vya huduma ya usharika wake. Nusu hubaki hapahapa, kwa wagonjwa wa hospitali, wafungwa na watoto wa shule. Nusu hutiwa kwenye magunia na kuvuka mpaka, hadi zahanati inayosaidiwa na usharika katika nchi nyingine. Mwaka jana jozi mia nne na kumi na mbili zilipita mikononi mwake.

Katika zahanati hiyo yupo mdogo wake wa tumbo moja, muuguzi. Hapo ndipo penye kidonda.

Kila Jumapili usharika humwombea muuguzi huyo. Picha yake imebandikwa karibu na mlango mkubwa, amevaa nguo nyeupe, anatabasamu. Barua yake ikisomwa, akina mama hutafuta leso. Na fundi akipita mtaani, watu humsimamisha.

"Mama, mmisionari wetu hajambo?"

"Hajambo," hujibu. "Na mimi pia mzima, ingawa hujauliza."

Anaposimulia hayo anacheka, lakini kwa midomo tu.

"Nitasema ukweli, maana Mungu anaujua tayari," anasema, akilainisha uzi kwa nta. "Naona gere. Tumenyonya ziwa moja. Nimemsomesha kwa sindano hii hii. Yeye akifunga kidonda anaitwa mtumishi. Mimi nikipaka gundi naitwa dada wa mtumishi."

Mumewe, ambaye ni fundi wa kupaka rangi nyumba, humtania: "Mke wangu, wivu wako ungekuwa ngozi, ungevisha viatu jeshi zima."

Novemba iliyopita muuguzi aliandika barua nyingine. Pale zahanati walikuwapo watu kumi na mmoja waliokatwa mguu wa kushoto, wengine kwa ajali, wengine kwa kisukari. Kila mmoja alihitaji kiatu kimoja tu, cha kulia. Gunia haliruhusiwi kuzidi kilo thelathini, kwa hiyo aliomba vya kushoto visitumwe. Ndani ya bahasha alitia karatasi kumi na moja, na juu ya kila moja amechora unyayo kwa penseli na kuandika kazi ya mwenyewe. Mfuma vikapu. Mpishi wa shule. Mbeba matofali.

Fundi akakataa.

"Baba alitufundisha kwamba kiatu kikija na mwenzake, kinaondoka na mwenzake," anaeleza. "Ukipokea jozi, kitu cha kwanza unazifunga kamba pamoja, hata kabla ya kufuta vumbi. Kuachanisha jozi ni mwiko."

Mama katibu wa huduma, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha darasa, hakubishana naye. "Nani abishane na fundi juu ya ufundi wake?" anasema. Magunia matatu yakaenda bila hata kiatu kimoja cha peke yake. Zile karatasi fundi alizikunja, akazilaza chini ya kopo la gundi.

Je, ulikuwa mwiko kweli?

Fundi anaweka nyundo chini. "Mwiko upo. Lakini angeomba mtu mwingine, kamba ningezikata siku ileile. Aliomba yeye. Nilitaka mara moja tu, mbele za watu, akose kitu."

Jumatano wiki hii fundi saa alivuka barabara kwa magongo yake mawili, kiboksi kimefungwa mgongoni. Mwaka jana kisukari kilimwondolea mguu wa kulia. Mkwewe, asiyefikiri sana, amemletea zawadi ya jozi mpya.

"Jirani, kinanibana hiki cha kushoto, nitanulie kidogo," alisema. "Na hiki cha kulia mpe mwenye haja nacho."

"Kiatu hakiachanishwi na mwenzake, jirani."

"Hivi vimeshaachana, fundi. Mimi na mguu wangu tuliachanishwa bila kuulizwa, sembuse viatu!"

Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi saa hakucheka naye. Alikitazama kile kiatu cha kulia, kinang'aa, hakijagusa udongo.

"Hakosekani mtu," alisema polepole. "Dunia yote hii, hakosekani mtu aliyebakiwa na mguu wa kulia."

Alipoondoka, fundi aliinua kopo la gundi. Karatasi zilikuwa zimeshikana, akazibandua moja moja na kuweka soli ya kile kiatu juu ya kila mchoro. Kwenye karatasi ya saba soli na mstari wa penseli vililingana kama kifuniko na chungu chake. Ilikuwa ya mbeba matofali.

Fundi anaeleza: "Miezi minne nilikuwa nimemweka yule baba chini ya kopo la gundi. Nilipiga magoti palepale kibandani, wateja wakipita. Nilisema tu, Bwana, unaona."

Alhamisi na Ijumaa hakupokea kazi ya mtu. Alitafuta viatu vingine kumi vya kulia, akakata kamba, akabadili soli. Vya kushoto vilivyobaki si takataka. Mama katibu amepata wagonjwa sita katika hospitali ya hapa waliobakiwa na mguu wa kushoto. Jozi moja sasa itatembea katika nchi mbili. Viatu vinne bado viko kwenye rafu, havijapata mwenyewe.

Saa nne gunia limejaa. Akina mama watano wanakunja mashuka ya zahanati, na fundi saa amekaa kwenye benchi akiwa amevaa kiatu chake kipya. Mama katibu anampigia simu muuguzi, anaongeza sauti ili wote wasikie.

"Dada, shikamoo!" muuguzi anasalimu.

"Marahaba. Wazima huko?"

"Wazima. Nasikia umevunja mwiko wa baba!"

"Nimeuvunja. Lakini haukuwa mwiko, mdogo wangu. Ulikuwa wivu."

Mashuka yanasimama hewani. Simu inakoroma kidogo.

"Dada, mimi nilijua," muuguzi anasema. "Tangu nina miaka sita, ukinificha kitana ili mama asinisuke kwanza."

Ukumbi unaangua kicheko. Fundi mwenyewe anajifuta macho kwa mkono wenye gundi. Lakini muuguzi hajamaliza.

"Ila yule mbeba matofali hakujua. Anafunga mguu kwa kitambaa cha gunia. Gunia la kwanza lilipofika alikuja kuuliza. La pili akaja. La tatu hakuja tena."

Mama mmoja anaanza kusema, "Basi, yamepita," mama katibu anamkata jicho.

Fundi anabaki ameinama, sindano ya kufungia gunia mkononi. Kisha anasimama. Si mtu wa kusimama mbele za watu. Miaka yote hiyo hajawahi hata kusoma tangazo.

"Mtafute," anaiambia simu. "Usimngoje aje, nenda kwake, mwambie kiatu chake kiko njiani, na aliyekichelewesha ni mimi, si wewe."

"Nitakwenda leo, dada."

Fundi anawageukia waliomo ukumbini, anawatazama mmoja mmoja hadi fundi saa.

"Nyinyi ni mashahidi wangu," anasema. "Bado namwonea wivu mdogo wangu, sitadanganya nyumbani mwa Mungu kwamba umekwisha leo. Namwomba Bwana auondoe, na hata asipouondoa upesi, naahidi mbele yenu: mguu wowote utakaochorwa kule, uwe wa kushoto au wa kulia, hautalala kwangu Jumamosi mbili. Siku utakapolala, njooni mchukue sindano yangu, mumpe mwingine."