Mzee Wangu wa Kwenye Gemu

Wanaonicheka waendelee kucheka. Hapa Voi, karibu na karakana yangu ya mageti, kuna vijana wakiniona wanainua mikono kama watu walioshika upanga, halafu wanajifanya wameanguka. Na kuna mzee mwenzangu wa kanisani aliyeniambia usoni kwamba mtu wa mvi zangu kuketi mbele ya televisheni kupigana na joka ni kumkaribisha shetani sebuleni. Nikamuuliza: wewe ambaye kila Jumamosi unatazama mpira na kumtukana refa asiyekujua, nani umemkaribisha kwako? Mimi nilikomea darasa la tatu huko milimani juu ya Bura. Nilishuka Voi sina kitu, nikajifunza kuchomelea vyuma kwa kusimama nyuma ya mtu aliyekuwa akichomelea, mpaka akachoka kunifukuza. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe. Sitaomba ruhusa ya mtu kucheza ndani yake.

Gemu aliileta binti yangu, kitindamimba. Ni nesi. Alikuwa amepata kazi ng'ambo, akaacha ile ya Nairobi, akaja nyumbani kungoja viza. Alikuja na nguo zake na mashine nyeusi, akaichomeka kwenye televisheni, akakaa. Siku ya kwanza sikusema. Siku ya pili nikasema.

"Wewe mtu mzima. Unachoma watu sindano. Hiki ni kitu cha kuketia mchana kutwa?"

"Baba, shika hiki kidude," akaniambia. "Vuka lile daraja tu. Ukivuka, nazima na siwashi tena."

Nikashika. Nikaanguka mtoni. Nikarudi, nikaanguka tena.

"Hilo daraja limetengenezwa vibaya," nikasema. "Halina hata bomba la kushikilia pembeni. Fundi gani huyo?"

Akacheka mpaka akalala kwenye kochi. Nilikasirika, na kwa hasira hiyo nikaendelea, na nilipovuka alitaka kuzima kama alivyoahidi. Nikamwambia aache kwanza.

Nieleze ni gemu ya namna gani, kwa ajili ya mtu asiyeijua. Ni nchi nzima, ina milima, miji, masoko, mvua inanyesha na jua linakuchwa. Mfalme wao amekufa, joka limekalia kiti chake, na kila mtu anaogopa. Wewe unatolewa shimoni bila viatu, umevaa gunia. Huna jina, huna mtu. Hapo ndipo iliponishika. Nilisema moyoni: hii gemu inanijua. Unaanza kwa kuokota kuni, unauza, unanunua kisu. Unajifunza uhunzi. Hakuna anayekuuliza cheti. Ukipiga nyundo vizuri, mkono wako unakuwa mzuri zaidi, na watu wa soko wanaanza kukusalimia kwa heshima. Mwanzoni unachagua sura. Mimi nikachagua mzee, ndevu nyeupe, kifua kipana. Maneno ya Kizungu binti alinisomea, mpaka nikayazoea kwa umbo lake, kama ninavyozijua namba za lori za wateja wangu.

Na yule mzee alikuwa na miguu. Lazima niseme hilo. Mimi nilianguka kwenye paa nikichomelea kenchi, na tangu siku hiyo goti langu la kulia halikunjiki. Kijijini nilikozaliwa, gari linakomea chini. Unapanda kwa mguu. Sijapanda tangu hapo. Basi huyo mzee wangu, nikisukuma kijiti cha kidude mbele, anapanda. Anashika jiwe, anajivuta, upepo unavuma, anafika kileleni na nchi yote iko chini yake, ukungu ukiwa mabondeni kama asubuhi za kwetu. Mara ya kwanza nilipofika juu hivyo, binti aliniuliza, "Baba, mbona husogei?" Nikamwambia napumzika. Nilikuwa natafuta kwa macho njia ya kwetu.

Tulibishana juu ya mambo mawili. Kulikuwa na bonde lenye wanyama wakubwa wenye pembe na mkonga. Binti akasema, "Hao hawana neno, pita katikati." Hapana. Mimi nimekaa Voi. Nimeona ukuta wa jirani uliolaliwa na ndovu kama katoni. Kila nilipotaka kwenda mjini nilizunguka bonde lote, nikipima upepo unatoka wapi, na binti akipiga kelele, "Baba, gemu haina harufu!" Sikujali. Ndovu ni ndovu.

La pili lilikuwa pango. Humo ndani kulikuwa na mafuvu ya watu wa zamani yamepangwa kwenye mwamba, na katikati yao upanga unaong'aa. Upanga huo ndio unaoua joka upesi. Binti akasema, "Chukua." Nikatoa kidude mikononi. Huko kwetu juu, chini ya mwamba ulio karibu na shamba la babu yangu, mafuvu ya wazee wetu yamepangwa hivyo hivyo, na hakuna mtu mwenye akili anayeingia pale kuokota kitu. Mimi ni Mkristo, lakini sikuzaliwa jana.

"Hawa ni picha tu, Baba."

"Hata picha ina wenyewe."

Basi nilitoka mikono mitupu, nikafua nyundo yangu mwenyewe. Ilichukua wiki nyingi za kuchimba madini na kupigwa na majambazi, lakini nilifua nyundo ambayo hata binti hakujua kwamba inaweza kufuliwa. Nikajenga nyumba kando ya mto, ya mawe, na ghala. Nilikuwa tayari kwa joka. Nilimwambia binti: Jumapili tukitoka kanisani, litakufa.

Wiki ile mimi nilirudi usiku kutoka karakana, na binti alikwenda Nairobi kwa ajili ya viza, akarudi Jumamosi. Jumapili nikawasha. Mzee wangu hayupo. Mahali pake amesimama mwanamke mnene mwenye kilemba chekundu, na mgongoni kwake unaning'inia upanga wa mafuvu.

Nilimwita binti. Akatazama, akafunika mdomo. "Baba, kuna mtu ameanza gemu mpya juu ya yako. Yako imefutika."

"Irudishe."

"Hairudi."

Mke wangu alitokea jikoni akijifuta mikono. Anauza mboga sokoni. Siku za wiki hurudi mchana, nami niko karakana. Hata hakujificha.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka kujaribu."

"Ulimfuta mzee wangu!"

"Mashine iliuliza kitu kwa Kizungu, ndiyo ama hapana. Nikabonyeza ndiyo. Katika nyumba hii nimezoea kusema ndiyo."

"Na ule upanga? Umeingia mle na kuutoa?"

"Ulikuwa unakaa bure. Na lile joka nimeshaliua, Ijumaa. Halina lolote."

Sikujua mtu anaweza kukasirika kiasi hicho bila kuvunja kitu. Nilitoka nje, nikaenda karakana Jumapili, nikachomelea geti ambalo hakuna aliyeliagiza. Na tangu siku hiyo sikuzungumza na mama watoto. Chakula nilikula, salamu nikaitikia kwa kichwa, lakini neno halikutoka. Aliniuliza maji ya kuoga yawe ya moto kiasi gani, nikatazama ukuta. Nanyi mnaosoma mkisema ni gemu tu, semeni. Hamkufua ile nyundo.

Viza ya binti ikatoka tukiwa hivyo. Akakata tiketi. Na dada yangu mkubwa akashuka kutoka Bura na miwa begani, kwa sababu mtoto wa kwetu haendi mbali hivyo bila kutaswa. Wageni huenda hawajui kutasa. Mzazi anashika kibuyu cha maji ya miwa, anajaza mdomo, anatema kwa kunyunyiza, na kila anapotema anataja hasira iliyomo moyoni mwake ili itoke, isimfuate mtoto njiani. Baba akiwa na hasira aliyoificha, hata kama si ya mtoto, inaweza kumwangusha mtoto huko aliko. Dada yangu anaimba kwaya ya misheni, anavaa rozari, na hilo la kutasa hafanyii mzaha.

Binti naye, nesi, mtu wa dawa na mashine, aliniambia asubuhi ile: "Baba, mimi siingii kwenye ndege nyumba ikiwa hivi. Nitaacha kazi." Nilimjua. Angeiacha kweli.

Tukakaa uani, jua likipanda. Dada akanipa kibuyu.

"Sema."

Nikajaza mdomo. Unafikiri mtu wa umri wangu, mbele ya dada yake, anasema nini? Kwamba nimeacha kumsemesha mke wangu kwa ajili ya mzee wa televisheni? Nikatema, nikasema nina hasira na yule jirani aliyesogeza ua wake.

"Hiyo uliitema ndugu yetu alipooa," dada akasema. "Nilikuwepo. Usinitolee viporo. Jaza tena."

Nikajaza tena. Nikafikiria la kusema, na nikifikiria hivyo, nikameza.

Dada aliweka mikono kichwani. "Ameimeza hasira! Mtoto anasafiri na huyu ameimeza! We, umerogwa?"

"Tamu," nikasema.

Binti hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, macho chini, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo na homa. Hapo hasira yangu ikageuka, ikaniuma mwenyewe, maana niliona kwamba anaogopa, na anachokiogopa ni mimi.

Nikachukua kibuyu kwa nguvu. Nikajaza mdomo, nikatema mpaka kwenye ukuta.

"Nina hasira na mama yako," nikasema. "Alimfuta mzee wangu. Mzee wangu alikuwa na mguu! Alikuwa anapanda mlima, mimi sipandi. Nilikuwa nafika juu kila siku, naona kwetu, na yeye akabonyeza ndiyo kama anayefukuza nzi. Na akawaibia wafu. Hiyo ndiyo hasira. Itoke. Isiende na wewe."

Dada yangu hajawahi kuona gemu. Alinitazama kama mtu anayetafuta dalili za malaria. Lakini akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu hasira ni hasira, haiulizwi imezaliwa wapi.

Nilifikiri imekwisha. Mke wangu akanyoosha mkono, akachukua kibuyu. Hakuna aliyemwita.

Akatema, vizuri kuliko mimi, kama mvua.

"Mimi pia ninayo," akasema. "Nilimtazama akicheza miezi yote hii. Nilimletea chai hapo. Hakuniuliza hata siku moja, mama, unataka kushika? Siku niliyowasha mwenyewe, kabla sijafuta chochote, niliingia kwanza kwenye ile nyumba yake ya kando ya mto. Nyumba nzuri. Nikazunguka vyumba vyote. Kuna kitanda kimoja, cha mtu mmoja. Kiti kimoja. Sahani moja mezani. Nikasema, basi, huyu bwana ameniacha siku nyingi, nami bado nampikia. Itoke hiyo. Isimfuate mtoto wangu."

Akamrudishia dada kibuyu, akakaa.

Nilitaka kujibu. Nilitaka kusema kwamba duka la kule lilikuwa na kitanda cha namna hiyo tu, kwamba sahani zinakuja mojamoja. Dada akaniinulia kidole. "Umeshatema. Funga mdomo." Akamnyunyizia binti miguuni na mikononi, akamwambia maneno ya kwetu ya kwenda na kurudi, na binti akalia, tukala wali.

Aliondoka. Amefika salama, anafanya kazi, anatupigia simu. Mashine aliiacha.

Nami bado nina hasira, sitawadanganya. Kutasa kulitoa ile iliyokuwa hatari kwa mtoto. Iliyobaki ni yangu na ninaitumia. Nimeanza gemu upya, gunia, bila viatu, na safari hii binti alitufundisha kwa simu jinsi ya kuweka gemu mbili mahali mbalimbali. Nimejenga tena kando ya mto. Nimeulizia vitanda. Kumbe seremala wa mji wa juu anatengeneza kikubwa, lakini anataka mbao za mti mwekundu, na mti huo unaota mahali pamoja tu katika nchi ile: katikati ya bonde la wale wanyama.

Jana tulisimama ukingoni mwa bonde, mimi na mzee wangu mpya. Mke wangu alikuwa kwenye kochi pembeni yangu, anakula njugu.

"Pita basi," akasema.

"Unajua ndovu wewe?"

"Mimi nilipita na kilemba kichwani. Pita, mzee. Ama nishike nikupitishe?"

Kumkabidhi kidude, hapana. Nikaangalia nyasi kuona upepo unavumia wapi, nikasukuma kijiti mbele.