Betri ndogo kama kidole ililipuka kwa mama mkwe, mwanangu akiwa mgongoni kwake

Wakuu, heshima kwenu wote.

Tangu juzi naona mnavyotoana macho humu kuhusu betri za tochi. 18650 na 21700, ipi inabeba chaji nyingi, yaani mAh, nani kauziwa feki. Mnacheka tu, mimi mwili unanisisimka.

Nawasimulia lililonikuta mwenyewe. Chumvi siongezi, na sehemu inayoniaibisha siiruki.

Ilikuwa Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilizaliwa Karagwe, familia iliporudi Rwanda nikafungua kibanda cha kutengeneza redio mjini. Nikaoa binti wa mtaa wa Nengo, tukapata mtoto wetu wa kwanza, Aline. Mchana alikaa kwa bibi yake, mama mkwe wangu, maana mimi na mke wangu tulikuwa kazini.

Mama mkwe aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Anazichukua ufukweni Rubona, anazikausha, anazivusha mpaka wa Grande Barrière kupelekea ndugu zake Goma. Stoo yake haikuwa na dirisha, hivyo hata saa sita mchana aliingia na tochi.

Tochi yenyewe ya mawe makubwa mawili. Mawe ndiyo betri, hata nyie mliita hivyo. Na mnajua tulivyoishi nayo: yakififia unayaanika juu ya bati, jua likikosekana unayapanga ukingoni mwa jiko yapate joto. Yanaamka, unasukuma siku mbili tatu. Wengine mliyang'ata kabisa, msijifanye watoto wa kishua hapa!

Sasa siku moja mteja wangu wa ofisini akaniachia betri mbovu ya kompyuta ya mkononi. Nikaipasua kwa udadisi. Ndani nikakuta betri sita za duara, zimezidi jiwe dogo la redio kidogo tu.

Nikapima. Mbili zimekufa, nne nzima, na kila moja inasoma karibu volti nne.

Nikashtuka. Mawe mawili makubwa ukiyaunganisha unapata volti tatu, halafu haka kadude peke yake volti nne? Nikaazima mita ya jirani, majibu yaleyale.

Nikachukua moja, nikaenda nayo Nengo kifua mbele. Nikaifunga karatasi ngumu isichezecheze ndani ya tochi, nafasi iliyobaki nikaziba kwa kijiti na waya, nikaweka balbu ya tochi ya mawe matatu.

Mama mkwe akaigeuza kiganjani. "Papa Aline, we unanicheka? Hii njo itamulika mu depo? Kadogo hivi!"

"Mama, subiri uone."

Asubuhi tukawasha tochi mbili stoo, yake yenye mawe mapya na hii yangu. Kufika mchana yake ilishakuwa ya njano, yangu nyeupe vilevile. Nilitamba sana, wakuu, nusura nipigwe.

Alasiri yangu ikazima ghafla, bila hata kufifia. Yake bado ilikuwa inawaka, nyekundu kama kaa, lakini inawaka.

"Bon," akasema mama mkwe, "ya kwako imelala. Ni jiwe ya namna gani hii?"

Hapa nisikilizeni vizuri. Lile ganda la kompyuta lilikuwa na lebo, na kwenye lebo kulikuwa na picha ya moto iliyokatwa mstari. Niliiona na nikaielewa: isikaribie moto. Ganda nikalitupa shimoni. Na mama mkwe aliponiuliza, kwa kuwa nilikuwa na haraka na sikutaka maelezo marefu, nikamjibu: "Ni jiwe kama mengine, Mama, ila lina nguvu."

Nikaondoka na betri, nikaichaji kibandani. Kesho yake asubuhi nikairudisha. Mama mkwe alikuwa nyuma anamwogesha Aline. Nikaiacha mezani pembeni ya vikombe, nikaenda zangu bila kusema kitu. Mvua ilikuwa siku ya tatu hainyamazi.

Haikufika saa tano, jirani wa Nengo akaja kibandani anahema. "Kimbia! Kwa mama mukwe yako kumelipuka!"

Wakuu, miaka ile ya mashambulizi ukisikia kitu kimelipuka Gisenyi, betri haikujii kichwani hata kidogo. Sikufunga hata mlango. Nilikimbia nikijiambia Aline amekufa, Aline amekufa, na miguu naiona haifiki.

Nikakuta watu wamejaa barabarani, hakuna anayethubutu kusogea. Wengine bado wamelala mtaroni, wanasubiri bomu la pili.

Mama mkwe alikuwa amekaa uani kwenye matope, mkono ndani ya beseni la maji. Nyusi hazipo. Aline yuko mgongoni, kafungwa kitenge. Nilikivuta kile kitenge kwa nguvu mpaka nusura nimwangushe mtoto.

"Mutoto iko muzima," akasema. "Angalia, iko muzima."

Hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa ananikodolea macho tu. Nikalia mbele za watu, sioni haya kusema.

Ndipo akanieleza. Aliikuta betri mezani, akajua ni ileile iliyolala jana yake. Jua hakuna. Akaiweka ukingoni mwa jiko, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Ikaanza kulia shiii. Nikasema, yebabawe, jiwe ya mukwe wangu itaharibika. Nikaikamata."

Mnaelewa? Angeweza kukimbia. Aliunyoosha mkono motoni, mtoto mgongoni, ili aokoe kitu changu.

Halafu akasema, "Unisamehe, Papa Aline. Nimekuharibia jiwe."

Na mimi nikajibu, "Haina shida, Mama."

Basi. Lebo sikuitaja, na kwamba niliirudisha ikiwa imejaa chaji sikusema. Nilipokea ombi la msamaha ambalo mimi ndiye nilipaswa kulitoa.

Somo la betri ni fupi. Capacity, yaani chaji inayobebwa, haipimwi kwa umbo wala kwa maandishi; 18650 inayojiita 9900 mAh ni uongo mtupu. Lithium, betri za aina ile yangu, hailali kama jiwe, kwa hiyo haiamshwi. Moto, jua kali, msumari, meno, weka mbali. Na unayempa, mwambie, hata kama ni mzee na wewe una haraka.

Mama mkwe yupo hai, vidole viwili havikunjiki. Tangu siku ile hagusi betri. Umeme ukikatika tochi ananipa mimi: "We njo unajua." Huwa naipokea, naweka betri, nanyamaza.

Aline ana watoto sasa. Jumapili tunakutana wote Nengo, na nimeamua nitamwambia mama mkwe. Nimeanza na nyie kwa sababu nyie hamna makovu.

Aliyewahi kukaa na jambo la mkwe moyoni miaka yote hii, alianzia wapi kulisema? Nisaidieni neno la kwanza tu.