Mabeseni Matatu ya Jethro

Kule Tabaka, kwa wachonga vinyago vya mawe, ni nadra mtu kuchonga jiwe peke yake mpaka mwisho. Mmoja huchonga, mwingine husugua kwa msasa ndani ya maji, mwingine husuuza, wa mwisho hupaka nta. Ukiona kiboko cha jiwe kinang'aa dukani, jua kimepita mikononi mwa watu wanne, na kila mmoja wao atakuapia kwamba kazi yake ndiyo iliyokuwa ngumu.

Jethro alikuwa mchongaji. Mkewe Purity alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Kisumu, yeye akabaki na watoto watatu: Kwamboka wa miaka tisa, Haron wa sita, na Mong'ina, aliyekuwa na miaka minne lakini alijiona ana arobaini. Purity alisitasita mlangoni na begi lake. Jethro akamwahidi kwamba kila likizo atawakuta wote watatu hapo hapo. Aliahidi kwa mbwembwe, maana hakuwa amewahi kumwogesha mtoto asiyetaka kuoga.

Wiki ya kwanza ilimtoa kijasho. Alisugua masizi kwa msasa wa kazini mpaka sufuria ya Purity ikatoboka. Haron alienda shuleni na soksi za Mong'ina. Jioni moja, huyu akiwa analia na yule ametoroka uani na povu mwilini, Jethro aliketi chini akajiuliza swali ambalo angeliuliza mchongaji tu: kazi ya watu wanne ninaifanyaje peke yangu?

Kesho yake akapanga mabeseni matatu uani. La kwanza la kusugua, la pili la kusuuza, la tatu kavu, lenye taulo, mafuta na nguo safi. Kila mtu akapewa beseni lake la kusimamia, Kwamboka la kusugua, Jethro mwenyewe la kusuuza, Haron la mafuta, na kila aliyemaliza kuogeshwa akarudi kuogesha wenzake. Mong'ina alikataa kusimamia beseni. Akataka kusimamia watu, akaachiwa.

Baada ya hapo Jethro hakukamatika. Alipigilia misumari ukutani, na juu ya kila msumari akabandika kinyago kilichoharibika kazini: Kwamboka tembo aliyekatika mkonga, Haron twiga asiye na masikio, Mong'ina samaki asiye na mkia. Nguo za kesho zilitundikwa hapo jioni, na asiyejua kusoma alimjua samaki wake. Viatu akavipaka nta ya vinyago, vikang'aa na matope yakavikimbia. Zaidi ya yote, alichukua kipande bapa cha jiwe, akakipasha moto na kukifunga kwa kitambaa. Soksi zilikaukia juu yake msimu wa mvua. Jiwe hilo likiwekwa chini ndani ya kapu lililojazwa sweta kuukuu, na juu yake sufuria ya uji yenye mfuniko, uji ulikesha na joto lake.

"Lakini liwe kavu," aliwafundisha watoto. "Likiwa na maji ndani, motoni litapasuka."

Habari zikafika Magwagwa, kwa mama yake, Bathsheba. Zilifika zikiwa zimetiwa chumvi: kwamba Jethro amekuwa mwanamke wa nyumba. Bathsheba alikulia katika boma ambamo kijana akishatahiriwa haketi tena jikoni kwa mama yake, sembuse kukoroga uji. Akapiga simu.

"Nakuja Ijumaa. Tutakaa Sabato pamoja, na Jumapili nitaondoka na hawa wadogo wawili. Kwamboka abaki akupikie."

Jethro akarudisha simu mfukoni. Angekuwa mtu baki angemkatalia. Mama yake alitaka kuwachukua kwa kuwa aliwapenda, na hilo ndilo lililomzuia.

Tena alikuwa amechagua Ijumaa kusudi. Kwa shemasi wa zamani wa kanisa la Wasabato kama Bathsheba, nyumba hupimwa Ijumaa jioni: jua likizama, watoto wawe safi, chakula kiwe tayari, na moto usiguswe tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Jethro aliapa kuwa nyumbani mapema.

Ijumaa hiyo hiyo lori la mnunuzi likaja bila taarifa. Vinyago vilitakiwa vifungwe kwa majani makavu ya migomba kimoja kimoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Jethro alipoachiliwa jua lilikuwa limeinama. Alikimbia, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, akimwona mama yake akilini, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

Alipokaribia ua akasikia sauti ya Mong'ina.

"Magokoro, unasuuza vibaya! Anza na kichwa!"

Bathsheba alikuwa amepiga magoti kwenye beseni la pili, mikono ya gauni imekunjwa, akimsuuza Haron: magokoro, yaani bibi mzima, anatii. Kwamboka alikuwa akijisugua miguu kwenye la kwanza. Mong'ina mwenyewe, tayari amesuuzwa, ameng'aa kwa mafuta na amevaa gauni la kanisani, alikuwa akitoa amri.

"Jethro," Bathsheba alisema bila kuinuka, "huyu mtoto ananiamrisha."

"Ndiye msimamizi wetu, Mama."

"Nimemwona."

Jethro akanawa, akakoroga uji wa wimbi na kuweka jiwe kwenye makaa.

"Sasa unapika na mawe?" mama yake akauliza. Jethro akaliweka jiwe ndani ya kapu, sufuria juu yake. Jua lilipozama, kapu lilikuwa limefunikwa, nao walikuwa wanaimba.

Asubuhi ya Sabato hakuna aliyewasha moto. Nyumbani kwa Bathsheba, uji wa watu wengi haukuenea kwenye thermos, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi familia yake ilikunywa wa baridi siku hiyo. Jethro alifunua sufuria, akamjazia kikombe cha uji uliokuwa bado moto. Bathsheba alikishika kwa mikono miwili, akaupuliza mvuke, akanywa mpaka chini. Kisha akaomba kingine.

Jumapili akafungua begi kubwa alilokuja nalo tupu, akaingia chumba cha watoto. Jethro alitoka nje. Asingeweza kuangalia msumari wa samaki ukibaki wazi, na hakujua angemwambia nini Purity.

"Jethro! Njoo uninyanyulie mzigo."

Alipolinyanyua begi, likamvuta mkono. Lilikuwa zito kupita nguo za watoto wawili. Akafungua zipu. Ndani mlikuwa na jiwe lake bapa, limefungwa kwa sweta.

"Na watoto, Mama?"

"Watoto wako kazini. Nikimchukua Haron, nani atapaka watu mafuta?" Akajifunga kitambaa kichwani. "Wewe utajichongea lingine. Na wale wa Magwagwa wanaokusema, waje kwangu Sabato wanywe uji, nitawaambia ni kazi ya mkono wa nani."

Jethro akalibeba begi lile begani mpaka barabarani, kifua mbele, akisalimia kila mtu njiani, hata wasiomsalimia. Alijivuna, na haki alikuwa nayo. Nyuma yao watoto watatu walisimama mlangoni, na mdogo wao alipiga kelele mpaka majirani wakasikia:

"Magokoro! Liwe kavu! Likiwa na maji litapasuka!"

"Nimesikia, msimamizi," Bathsheba akaitikia.