Bendeji ya Gunia la Unga

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mkunga wa nusu ya mji wa Garissa, na asubuhi moja alitumbukia katika handaki ambalo jana yake mchana halikuwapo. Wanajeshi walikuwa wamelichimba jioni, wakaikata njia ya miguu iendayo mtoni, na hawakumwambia mtu. Yeye alikuwa anarudi kutoka kuzalisha, jua linampiga machoni, na akilini mwake hamna kitu ila chai. Wanawake wawili waliokuwa wanakwenda kuteka maji ndio waliomtoa. Walipomfikisha nyumbani, kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevimba mpaka hakionekani kilipoanzia wala kilipoishia.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, kati ya serikali na waasi wa kaskazini. Juu ya vita vyenyewe wengine wamesema mengi, na mimi sikuwa askari. Nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimefundishwa cherehani na baba yangu, fundi nguo wa sokoni, na Kiswahili nilikiokota kwa wateja wake: makarani, mapolisi, madereva wa malori. Ni kwa ajili ya Kiswahili hicho hospitali iliniajiri kushona mashuka yaliyochanika na kukunja bendeji zilizofuliwa. Wanawake wa Kisomali waliofanya kazi ya serikali mjini siku zile ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na ukabakiwa na vidole vya kushikia sindano.

Dresa wetu, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa mtu mzima kutoka Mandera, mwembamba, mwenye mikono mikubwa. Sote tulimwita adeer, yaani baba mdogo. Tulipompeleka shangazi hospitali, aliubonyeza mguu wake huku na huku, shangazi akiuma mtandio wake.

"Mfupa mzima," alisema. "Kilichoumia ni kano. Akae chini, kisha afungwe vizuri, atatembea."

"Afungwe na nini, adeer?"

Akafungua kabati. Zilibaki bendeji mbili za kuvutika, zile zilizokuja kutoka ng'ambo, na nilizijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyezichemsha mara zisizo na idadi na kuzianika juani. Ukizivuta zilikuja, ukiziachia hazikurudi. Zilikuwa zimekufa. Nyingine hazikutarajiwa, maana malori yalikuja kwa msafara tu, yakisindikizwa na jeshi, na sanduku la dawa lilipata nafasi baada ya kila kitu kingine kupata.

Basi shangazi alifungwa kwa kitambaa cha kawaida. Kitambaa cha kawaida kina tabia moja: ukikikaza kinabana, ukikilegeza hakifanyi kazi, na katikati hakuna. Baada ya wiki tatu, uvimbe ulipopungua, alisimama akatembea hatua thelathini hivi uani. Kitambaa kikateremka, mguu ukapinda tena. Wiki mbili baadaye akajaribu tena, mguu ukapinda tena. Siku ile nilimwona analia, mwanamke aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani.

Hakulilia maumivu. Watu wa malishoni walikuwa wameingizwa kwa lazima katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, mwendo wa saa moja kutoka mjini, upande wa barabara ya Modogashe. Humo ndani alikuwamo mwanamke mmoja mjamzito aliyekwisha kupoteza watoto wawili katika kuzaliwa. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba hataki mkunga mwingine, na siku zake zilikuwa zimebaki chache, kama majuma matano. Gari halikuwapo. Punda hawakuruhusiwa kupita lango la kijiji. Aliyetaka kufika alikwenda kwa miguu, ikiwa anayo.

Jambo la kwanza nililolijaribu nalisimulia kwa aibu. Nilikwenda kwa fundi wa malori nikaomba kipande cha tyubu kuukuu. Nilikikata utepe mrefu, nikauosha kwa sabuni, nikamfunga shangazi mwenyewe bila kumwambia dresa. Mpira unavutika na unarudi, niliona nimemaliza kazi. Alitembea uani asubuhi nzima, tukafurahi. Adhuhuri alisema vidole vinamwasha. Kufika alasiri vilikuwa vimepoteza rangi na ni baridi kama si vya kwake, na nilipofungua, ngozi ilikuwa imelowa na kujikunja kama ya aliyefua nguo kutwa.

Nilimkimbilia dresa, naye akavisugua vile vidole mpaka vikapata joto. Ndipo akanigeukia.

"Ulitaka kumtibu au kumfunga kama mzigo?"

Niliukunja ule utepe wa mpira nikautia mfukoni. Lakini yeye hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda akanieleza, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo kabla. Bendeji nzuri, alisema, inashika mguu kama mkono wa mtu unavyoshika: inasukuma, na ikisukumwa inakubali. Ni lazima ipumue. Ni lazima ikaze zaidi karibu na vidole na kulegea kadiri inavyopanda. "Na ukibonyeza ukucha ukawa mweupe, damu irudi haraka. Isiporudi, umeua mguu."

Siku nne baadaye nilikuwa ninashona ukanda wa shingo wa aproni. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, nikatumia pembe ya kipande kilichobaki, nikakikata mshazari kwa sababu hakikutosha kukatwa wima. Ukanda ukaanza kunitoroka chini ya sindano. Kila mshonaji anaijua kero hiyo. Kitambaa kikikatwa kwa kufuata nyuzi zake kinatulia, kikikatwa mshazari kinavutika, na baba yangu alikuwa akinigombeza kila nilipofanya hivyo: "Nguo itakukimbia!" Niliuvuta ule ukanda kwa hasira. Ukarefuka. Nikauachia, ukarudi.

Nikauvuta tena. Ukarudi tena.

Niliinuka nikaiacha cherehani na aproni yake, nikaenda mbio chumba cha vidonda. Nilimfunga dresa kifundo cha mkono bila kumwomba ruhusa. Aliukunja mkono, akaukunjua.

"Huu ni mfupi," alisema. Lakini alikuwa anatabasamu.

Kitambaa sasa kikawa ndiyo shida. Karani wa stoo aliniambia kwamba marekani, kile kitambaa cha pamba cha serikali, hukatwa kwa kunyooka, na anayeikata mshazari anaiharibu, na yeye hatatia sahihi uharibifu. Kwa hiyo nilikwenda jikoni. Unga wa hospitali ulikuja katika magunia ya pamba, na mpishi alikuwa anayatumia matupu kusugulia masufuria. Nilimwomba manane. Niliyachemsha mara tatu mpaka ugumu wote ukatoka, yakawa laini kama nguo ya mtoto. Maandishi ya buluu ya magunia yalififia kidogo tu, hayakutoka.

Kisha nikaanza kubuni, na ninalitumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu nilizifikiria tepe hizo zaidi kuliko nguo yoyote niliyoshona maishani. Vipande vya mshazari huwa vifupi, na kifundo cha mguu kinataka utepe mrefu kuliko mtu. Ukiviunga kwa mshono wa kukatisha, mshono unakaa juu ya ngozi kama kijiti. Nilikata kipande cha mraba kona kwa kona, nikayaunga mapande yake upya, nikakishona kiwe mfuko usio na kitako, uliopindishwa makusudi, ncha moja ikitangulia nyingine kwa upana wa vidole vinne. Nikauanza kwa mkasi pale ilipozidi, nikauzungusha, nikauzungusha, kama anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ukatoka utepe mmoja mrefu, mshazari tangu mwanzo hadi mwisho, na mishono yake nayo imelala upande, bapa, haimuumi mtu. Vidole vinne kwa kifundo, sita kwa goti. Pini hatukuwa nazo, kwa hiyo niliipasua ncha ya mwisho ikawa kamba mbili za kufungia.

Niliufunga mguu wangu mwenyewe kwa utepe siku tatu. Nilishona nao, niliswali nao, nilichuchumaa, nilipanda ngazi ya tangi la maji. Nilibonyeza kucha mpaka dada wa wodi akaniuliza kama nimepata wazimu. Utepe wa kwanza ulilegea baada ya saa mbili, nikagundua niliuzungusha kama kamba ya mzigo. Dresa akanionyesha njia ya kupita chini ya wayo, kupanda mbele, kuzunguka nyuma ya kifundo na kurudi, ukipishana kama herufi nane. Wa pili ulidumu toka asubuhi hadi jua kuzama. Nilipoufua na kuuanika, ukarudi upana wake ule ule.

Siku ya nne tulimfunga shangazi. Alisimama. Alikwenda hadi ukuta, akarudi, akaenda tena. Kisha akatoka nje ya lango, akavuka barabara, akaenda kumsalimu jirani aliyekuwa hajamwona kwa miezi miwili, nasi tukabaki tumesimama uani kama watu walioibiwa.

Wiki mbili alifanya mazoezi. Ujumbe ulikuja asubuhi ya Alhamisi: uchungu umeanza. Tuliondoka pamoja, mimi nimebeba mfuko wake. Saa nzima ya vumbi, na mguu haukupinda hata mara moja.

Kwenye lango la kijiji askari alituzuia. Alikuwa kijana wa bara, mchovu, na aliitazama ile bendeji kwa mashaka.

"Fungua hiyo. Umeficha nini ndani?"

Shangazi alikuwa na Kiswahili cha sokoni, lakini hakikuwahi kumwangusha. "Afande, hii mguu iko gonjwa. Wewe nafungua, basi wewe nabeba mimi mbaka ndani."

Mwenzake akacheka. Yule wa kwanza aliinama akasoma maandishi ya buluu yaliyozunguka kifundo. "U-N-G-A," akataja herufi moja moja, kisha akanitazama mimi. "Mbona mguu wa huyu mama umeandikwa unga?"

"Ni gunia, afande. Bendeji zilikwisha. Nimeishona mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Aliibonyeza kwa kidole, akaona inavyokubali na kurudi. Akafungua lango.

Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ametanguliza makalio. Nimeshuhudia mambo mengi tangu hapo, lakini sijaona kazi kama ile. Toka adhuhuri hadi alasiri shangazi alipiga magoti, akasimama, akachuchumaa, akajikita kwa mguu ule ule wa kulia kumshikilia mama yule kwa nyuma, akimsemesha taratibu kama anayemtuliza ngamia. Mimi nilitazama mguu tu. Nilijisemea: utepe ukilegea sasa, sitagusa sindano tena. Haukulegea. Alasiri ile mtoto wa kike alitoka, akakaa kimya kwa pumzi tatu au nne ambazo sitazisahau, kisha akalia kwa sauti iliyofika langoni. Vigelegele viliruka kutoka kibanda hadi kibanda. Mama yake alimshika, akimnusa kichwa.

Shangazi alinawa mikono, akatoka nje, akanyoosha mgongo. "Sasa nipeni chai," alisema.

Habari ile ilitutangulia mjini. Kesho yake waliningoja mlangoni mwa chumba cha kushonea watu sita, miongoni mwao mchunga aliyepigwa teke na ngamia gotini, mpakizi wa malori, mwanamke aliyeanguka kisimani. Wiki ile ile alikuja pia yule askari wa langoni, kifundo cha mkono kimeteguka. Alikaa kwenye benchi kando ya mchunga wa goti, nikawafunga wote wawili kwa utepe uliotoka gunia moja. Hawakusemezana, lakini walipotoka askari alimshikia mwenzake mlango.

Daktari wa hospitali alimwita karani wa stoo mbele yangu. Alivuta bendeji yangu mara mbili, akaiachia, akasema, "Marekani apewe. Aikate anavyotaka." Karani alitia sahihi. Nilikata mshazari pale pale juu ya meza yake, kwa mkasi wangu, na sitasema kwamba sikuifurahia sauti ya kukata.

Baada ya miezi michache madresa wa vituo vya mbali waliitwa Garissa kujifunza. Walikuja wanaume kumi na mmoja, mmoja kutoka Diff mpakani, wote wakubwa kwangu. Walipoambiwa mwalimu ni mimi, kukawa na kikohozi kirefu cha pamoja. Niliwapa kila mmoja gunia na mkasi. Hadi mchana watatu walikuwa wameharibu magunia yao, wanane walikuwa na utepe mrefu mkononi, na yule wa Diff alikuwa ameufunga kwenye goti lake mwenyewe na anakataa kuufungua.

Msafara ulipokwenda kaskazini nilikwenda nao kufundisha, ruhusa imeandikwa na daktari na baba amelalamika siku mbili kisha ameridhia. Mandera nilifika nimejaa vumbi hadi kope. Katika ua wa zahanati alikuwapo mzee mmoja mchunga, goti lake bovu tangu kiangazi, akitegemea fimbo mbili. Nilimfunga kwa utepe wa vidole sita, nikamwambia ajaribu kusimama.

"Nani aliyetengeneza kitu hiki?" aliuliza.

Dresa wa pale alinionyesha kwa kidole. Mzee alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa, akasimama. Alipiga hatua moja, kisha ya pili. Akaiegemeza fimbo moja ukutani. Akavuka ua, akatoka langoni, akashika njia ya mto Daua walikokuwa wananyweshwa ngamia wake. Nilimngoja arudi, anishukuru au alalamike. Hakurudi. Tulimwona kwa mbali akiteremka ukingoni, hatua ndefu, anawapigia kelele wanyama wake.