Geti la Buluu la Noonkopir

Mwaka ule mwalimu aliwaambia wajukuu wangu kwamba Baba Krismasi hujibu barua. Nilikasirika. Nani alimtuma kuahidi watoto wa wenyewe vitu? Lakini jioni hiyo wale wawili walikaa mezani, mvulana akiandika, dadake mdogo akimwambia cha kuandika, nami nikichagua mawe kwenye maharagwe na kujifanya sisikii.

Walianza kwa adabu, jinsi walivyofundishwa darasani: hujambo, sisi hatujambo, tunatumaini huko kwenu mvua imenyesha. Kisha msichana akasema, "Mwambie nguo asilete. Alete Mum."

Mama yao, binti yangu, alikuwa ameenda Arabuni kufanya kazi za nyumba. Mwanzoni alikuwa akitupigia kwa simu ya jirani. Baadaye simu zikakatika, nami nikaacha kwenda kuuliza, maana macho ya huruma ya jirani yalinichosha.

Ikabaki kumwelekeza Baba Krismasi njia. Mtaa wetu haukuwa na jina la njia wala namba za nyumba, kwa hivyo mvulana akaandika vile sisi sote huelekezana: ashuke Kitengela, avuke barabara ya Namanga, aingie Noonkopir, apite kanisa la mabati na bucha, kisha atafute geti la buluu. Nilinunua stempu, nikaituma barua. Nichekeni mkitaka.

Wiki ya Krismasi tulitoka sokoni tukapata geti ni la kijani. Mwenye nyumba, mama aliyependa mambo yang'ae sikukuu ikifika, alikuwa amesimama kando akilifurahia. Msichana aliangusha mboga.

"Susu, sasa atatupataje?" alinililia mimi nyanyake. "Na barua imeshaenda!"

Nilitaka kumwambia aache upuuzi, lakini niliinama nikaokota zile mboga. Binti yangu alipoondoka geti lilikuwa la buluu, na tangu aende nyumba mpya zilikuwa zimeota kila upande. Naye angejuaje pa kubisha?

"Mama, nisaidie ile rangi ya zamani," nilimwambia mwenye nyumba.

"Ai! Kwani hii ni mbaya?" alicheka.

"Ni nzuri. Lakini niko na mtu anakuja, na yeye anajua ya buluu."

Aliacha kucheka. Alijua nyumba yangu ilipungukiwa na nani. Alituletea mkebe uliobaki stoo, rangi ikatosha upande mmoja tu, ule unaotazama barabara, tukaupaka kabla ya ile ya kijani kukauka. Ilitoka vibaya sana. Krismasi hiyo hatukwenda kwetu Makueni. Tulikaa, tukapika chapati, na kila geti lilipolia mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusimama.

Hakuja. Hajaja mpaka leo, wala sijapata wa kuniambia yuko wapi. Natamani kumwona mwanangu kila siku ninayoamka.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Kajiado mjini. Habari za Baba Krismasi tuliacha kuzizungumzia zamani. Desemba iliyopita alikuja kunitembelea, akanisalimia, akavua viatu vyake vizuri vya kazini, akatoa mkebe wa rangi ya buluu kwenye mkoba. Nilimtafutia brashi.