Pengwini wa Shangazi Jokha

Shangazi yangu Jokha Hamdani alisomesha sayansi hapa Ibra, Oman, miaka thelathini na moja, akamuuguza babu mpaka pumzi yake ya mwisho, na hakuolewa. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: kuwaona pengwini kwa macho yake na kuwapiga picha kwa mkono wake. Akapanda meli ya kwenda Antaktika, bara la barafu kusini mwa dunia, peke yake, siku kumi na sita.

Baba yangu Khalaf, mdogo wake, aliona haya. Mwanamke mtu mzima, hana mume, kafuata ndege kwenye barafu! Watu walipouliza, akawaambia dada yake amekwenda Makka kufanya umra. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Najilaumu mpaka leo.

Alirudi uso umebabuka kwa baridi, ana furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Kule hairuhusiwi kuwasogelea pengwini. Basi alipiga magoti kwenye theluji, kamera kifuani, akangoja, hata kinda mmoja akaja mwenyewe kumdonoa kiatu. Picha ile alinionesha mara saba. Akaunganisha kamera na televisheni ya sebuleni, majirani wakija nao waone.

Majirani wakaja kweli, wakampongeza. "Umra makbula, Bi Jokha!"

Shangazi akamtazama baba. Baba akainamia kikombe chake cha kahawa, mnafiki yule.

Shangazi alikuwa keshafumbua mdomo aseme kweli, Bi Buthaina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akamshika mikono. Mjukuu wake Hisham alikuwa akingoja operesheni ya moyo. "Khalaf kaniahidi utamwombea mbele ya Kaaba. Umemtaja, dada yangu? Wallahi, ndilo lililonipa usingizi."

Shangazi akaitika, "Nimemtaja."

Akachomoa waya wa kamera.

Wageni walipoondoka baba akasema, "Ahsante, umenisitiri."

"Sikukusitiri wewe. Nimemhurumia yule bibi. Wewe umeniua."

Hisham alipona, alhamdulillahi. Bi Buthaina akaeneza mji mzima kuwa dua ya Jokha hairudi. Sasa wanawake wanatoka hata Sinaw kumletea majina ya wagonjwa wao. Huyapokea, akawaombea kila alfajiri, maana afanyeje?

Juzi nilimwomba anioneshe picha zake.

"Nimezifuta zote," alisema. "Buthaina akiziona, atajua mjukuu wake hakuombewa mbele ya Kaaba."